Sauti Yenye Jino

Waya wangu haukuwa kamba ya nguo. Nililisema neno hilo mpaka mate yakanikauka. Wanawake wa ufukweni walinijibu "Ndiyo, fundi," na kesho yake jua likitoka nilikuta kitenge kibichi kimetandazwa pale pale, kinachuruzika maji. Siku nyingine ilikuwa neti ya ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Siku moja ilikuwa shuka la mgonjwa. Nilitoka na mkasi mkononi, maana kazi yangu ni ushonaji, nikapiga kelele kwamba nitakata kila kitu nitakachokikuta. Wote walicheka. Walijua fundi cherehani hawezi kukata nguo bure.

Ule waya ulikuwa masikio yangu ya redio, na nguo mbichi huyaziba. Ulianzia dirishani kwangu, ukapita juu ya michikichi, ukaenda mpaka karibu na mdomo wa mto Mutambala. Waya wa pili, mfupi, niliufunga kwenye jembe bovu nikalizamisha ziwani, kwa kuwa redio ikishika maji husikia mbali zaidi. Watu wa Baraka walisema fundi Assani anavua samaki wa umeme. Bibi mmoja alikataa kuteka maji upande ule, akidai chai yake imeanza kuwa na ladha ya chuma. Sikuwajibu. Ukimjibu kila mtu hutasikia kitu.

Mchana redio ilikuwa sanduku tu, inakoroma. Lakini jua likizama mambo yaligeuka. Giza huanzia kwao, upande wa Dar es Salaam, kisha huja polepole kwetu, na sauti za watu wa kule huja pamoja nalo. Baada ya sala ya magharibi kulikuwa na kipindi kifupi, kabla stesheni nyingine hazijaamka na kuanza kugombania mahali pamoja, ambapo Dar es Salaam ilivuka milima ya Ubwari ikaingia chumbani kwangu. Nilikwisha kuwanasa Nairobi, Léopoldville, Wareno wa Msumbiji, na mara moja Misri. Sikutafuta habari. Nilipenda tu kujua kwamba mtu yuko kule mbali anasema, na mimi, huku Baraka, nimemshika. Kwa kazi hiyo mtu anahitaji betri nzima, waya mkavu, na kuachwa peke yake. Mwaka ule wa 1956 sikupata hata kimoja.

Aliyeniharibia alikuwa Mashaka, baharia wa mashua ya biashara ya Kigoma. Mashaka ana mdomo usio na mlango. Alishuka mashuani, hakwenda hata kwao, akaja moja kwa moja kwenye cherehani yangu mbele ya wateja wote.

"Fundi! Mi nilisikia Jacques! Kule Kigoma, mu nyumba ya chai, ndani ya redio. Anaimba ile wimbo yake ya kasia!"

"Jacques gani?"

"Jacques ya Anastasie! Mwenye chai anasema ile wimbo banaipigaka siku ya posho, jua ikishaingia. Ni Dar es Salaam!"

Siku ya posho ni Jumamosi, kwa wale wanaohesabu kwa kalenda. Na Jacques alikuwa mvuvi wa hapa hapa, niliyemshonea kaptula zake zote. Kiangazi cha miaka miwili nyuma alivuka kwenda Kigoma na mtumbwi. Mtumbwi ulionekana umepinduka upande wa Ubwari. Yeye hakuonekana, wala hai wala maiti, na ziwa letu halina kawaida ya kurudisha kila kinachoingia.

Ukoo wake, walioko juu Fizi, walingoja. Kisha wakachoka kungoja. Mjomba wake Jacques, muzee Raphaël, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, naye alisema mvua za kwanza zikianguka wataweka matanga. Baada ya matanga mkewe Jacques angekuwa na njia mbili: aingie kwa shemeji yake Eugène, au arudi kwao Lulimba mikono mitupu na kuwaacha watoto wake wawili kwa ukoo. Anastasie hakutaka hii wala ile. Alikuwa akifua nguo za watu pale ufukweni, anawalisha watoto na kumtunza mama mkwe wake, mama Pulchérie, ambaye tangu mtumbwi upinduke hakutoa chozi hata moja. "Siwezi kulia muntu mi sijaona," alisema, na hakuna aliyemtoa hapo.

Ningependa kusema Eugène alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia hasira zangu. Lakini Eugène alikuwa kijana mpole, mwenye haya, na kila mara alipotajiwa jambo lile la kurithi alitazama vidole vya miguu yake. Hakuna mtu wa kumchukia katika habari hii, ndiyo maana inanikera mpaka leo.

Maneno ya Mashaka yalipanda Fizi haraka kuliko gari la posta. Muzee Raphaël akatuma jibu. Kama watasikia sauti ya Jacques kwa masikio yao wenyewe, hakuna matanga, na Anastasie atakaa nyumbani kwake kumngoja mumewe. Kama hawasikii, mvua itaanguka na watalia. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Niliambiwa tu kwamba posho inayokuja ukoo utakuja kusikiliza kwangu.

Walikuja. Nyumba ikajaa, dirisha likajaa, hata kwenye meza ya kukatia vitambaa walikaa watu. Niliwapa sheria zangu: hakuna kukohoa, hakuna kutafuna karanga, na kifundo hiki cha kutafutia stesheni hakiguswi na mtu ila mimi. Mashaka alinyoosha kidole kuonyesha ilipo Dar es Salaam nikamchapa kofi mkononi. Anastasie alikaa chini karibu na redio, mama Pulchérie kwenye kigoda, Eugène akasimama mlangoni.

Nilisali haraka kuliko inavyofaa, Mungu anisamehe, nikaifungua. Dar es Salaam ikaja, kwanza chini kabisa, kisha ikapanda. Mtangazaji akasema maneno yake. Nikasikia mgongo wa kasia ukigonga ubao wa mtumbwi, ko, ko, ko, mwanzo wa wimbo kabisa, na mtu akavuta pumzi ya kuimba.

"Hodi!" Muzee Raphaël amefika kutoka Fizi, vumbi mpaka magotini.

Sasa, kwetu muzee akiingia hasalimiwi kwa kichwa. Watu wote wakasimama. Akaanza na aliye karibu na mlango, mkono kwa mkono: habari ya hapa, habari ya nyumba, habari ya batoto, mihogo inaota, mugonjwa yule aliamka. Akazunguka chumba kizima, hakumruka mtu, na kila mmoja akamrudishia maswali yake yote kama adabu inavyotaka. Nyuma ya salamu zile mtu alikuwa anaimba. Niliinama nikabandika sikio kwenye kitambaa cha redio, nikaziba jingine kwa kidole. Hapo hapo muzee akanifikia. Akanyoosha mkono wake juu ya redio yangu.

"Fundi Assani, habari ya kazi?"

Nikashika ule mkono. Ningefanya nini? Nilipojibu habari za kazi, na za mke, na za cherehani, wimbo ulikuwa umekwisha na Dar es Salaam walikuwa wanasoma bei ya mkonge.

"Muzee," nikasema, "si ungenisalimia kesho?"

Chumba kilikaa kimya, kimya kile nilichokiomba jioni nzima na sikukipata. Nikatozwa jogoo kwa kukosa adabu. Jogoo wangu mwenyewe, kwa sababu ya redio yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Wakamla pale pale, muzee akapewa firigisi.

Posho ya pili betri zilinilegea. Waliponijazia nyumba mara ya kwanza walinilazimisha kuongeza sauti, na sauti hula betri. Betri mpya zilikuwa Usumbura, mimi nilikuwa Baraka. Nilifanya tunavyofanya wote, nikazianika juani juu ya bati zipate joto, maana betri iliyochoka ikiota jua hurudisha roho kidogo. Mama Pulchérie akajipa kazi ya kuzilinda. Alikaa pale na ufito kutwa, akifukuza kuku, na kila mpita njia akamwambia, "Naotesha jua sauti ya mutoto yangu." Jioni ile redio ilisikika kama mtu anayesema ndani ya gunia. Wareno wakaja wakakaa juu ya Dar es Salaam na gitaa zao. Tukasikia labda kasia, labda hapana. Mashaka akaapa amemsikia. Muzee Raphaël akasema yeye hakuacha mihogo yake kuja kusikiliza kiapo cha Mashaka.

"Tutarudia mara moja tena," akasema. "Wingu inaanza kukaa juu ya Fizi. Nyuma ya ile, tunalia."

Wiki ile Anastasie hakuanika nguo kwenye waya. Badala yake nilimkuta ameazima ngazi, anaufuta waya kwa kitambaa kikavu, kutoka mchikichi hadi mchikichi, na kuondoa utando wa buibui na majani. Alikuja kila jioni kuuliza kidogo. Mbona sauti inapanda na kushuka? Mbona inakatika radi ikipiga mbali? Nilimwonyesha namna ya kusikiliza: usiikazie macho redio, geuza uso, acha kelele zipite, shika kile kimoja unachokijua. Wengi nimewaeleza wakapiga miayo. Yeye alielewa mara moja. Sikio halilali na njaa, lakini la Anastasie lilikuwa limefunga miaka miwili.

"Fundi," aliniuliza, "kama ni yeye, nitamujua ata mu kelele?"

"Utamjua kabla yetu sote," nikamwambia. Nilisema ili kumtia moyo tu.

Posho ya tatu kulikuwa na umeme wa radi upande wa kusini na betri zangu zilikuwa na nguvu ya mwisho. Nilimkalisha muzee Raphaël mapema, nikahakikisha amesalimiana na watu wote mpaka na mbuzi. Nikafunga mlango kwa komeo. Nikafungua redio.

Kelele. Kelele. Mreno mmoja akakohoa akapita. Halafu, bila kunionya, Dar es Salaam ikasimama juu ya maji. Mtangazaji akataja wimbo, akataja jina la mwimbaji, na radi ikalipasua lile jina vipande vipande. Nilitaka kuipiga ngumi dunia nzima. Kisha kasia: ko, ko, ko.

*Samaki, samaki nakuletea, mama ee, teleka bugali.*

Sauti ilikuwa ya Jacques. Hata mimi, ambaye nilikuja na shaka zangu zote, nywele zilinisimama, maana ilikuwa ni ile ile iliyopita ufukweni asubuhi nyingi kabla sijafungua duka. Eugène akaangukia fremu ya mlango akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Muzee Raphaël akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Wimbo ukaenda ubeti wa pili, sauti ikapanda, *mama ee, teleka*, na hapo ikarudia. *Teleka. Teleka. Teleka. Teleka.*

Mama Pulchérie akasimama kwenye kigoda.

"Nateleka!" akaita. "Nateleka, mutoto yangu! Nateleka!"

*Teleka. Teleka.*

"Ndiyo, baba! Moto iko! Nateleka!"

Wanawake dirishani wakapiga vigelegele. Kila mara sauti ilipoita, yeye aliitika, na kila mara alipoitika, sauti iliita tena, na watu wakasema mmeona, anamsikia mama yake, anamsikia. Mimi nilikuwa bado nimeshika kile kifundo. Kisha ukasikika mgongano mdogo, tk, na wimbo ukaruka mbele mpaka mwisho wake. Ndipo betri zikaanza kushuka.

Nilifanya kazi Usumbura ujana wangu kwa mwenye duka aliyekuwa na gramafoni. Najua sindano ikinasa kwenye mkwaruzo wa sahani ya santuri inafanya nini, na najua mlio wa kidole cha mtu anayeisukuma. Hakukuwa na Jacques mbele ya mashine kule Dar es Salaam. Kulikuwa na sahani ya zamani iliyokwaruzika.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Nani alinisikia? Chumba kizima kilikuwa kinaruka. Muzee Raphaël akagonga fimbo chini mara tatu, akamtazama Anastasie.

"Mukwe, ni bwana yako?"

Anastasie hakuwa amesogea tangu wimbo uanze. Uso wake alikuwa ameugeuza pembeni, kama nilivyomfundisha.

"Ni yeye," akasema.

"Basi nasema mbele ya bantu bote. Mufu haombake bugali. Hakuna matanga."

Eugène akaja akamshika shemeji yake mkono, machozi yamejaa kidevuni, akamwambia asante, ingawa sijui alimshukuru kwa lipi. Nafikiri yeye pia alikuwa amefunguliwa.

Usiku ule sikulala vizuri kwa hasira. Nilikuwa nimetafuta sauti za mbali miaka yote, na mara ya kwanza watu wameisikiliza moja kwa makini, wamesikia kitu ambacho hakimo. Asubuhi Anastasie alikuja na beseni la nguo kichwani. Akalitua. Nikaona nimwambie yeye kabla sijamwambia mwingine.

"Mama, jana ilikuwa sahani. Ile teleka, teleka, ni sindano ilinasa. Hakuwa anamwita mtu."

Akainamia beseni lake. Nikaona nimemuumiza, nikakimbilia kuziba. "Lakini mtu hai ndiye anayeimba kwenye sahani. Pengine aliimba mwaka huu. Pengine yuko huko huko, anatembea mjini..."

"Fundi," akasema. "Na jino?"

"Jino gani?"

"Kasia ilimupiga hapa," akagusa mdomo wake wa juu, "wakati mutoto yetu Fabien alianza kutembea. Jino ya mbele ikaanguka. Nyuma ya ile, kila 'samaki' anapiga filimbi. Mi nilikuwa namuchekaka, anakasirika, anarudilia juu ya kunikomesha, na filimbi inatoka tena." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwisha. "Jana sauti iko na jino."

Nikakumbuka. Alipokuja kupimwa kaptula ya mwisho alikuwa akisema "shuruali" na hewa inatoka. Niliyekuwa najisifu kwa kunasa Misri sikuwa nimelisikia jino. Yeye, katikati ya radi, Wareno na vigelegele, alilisikia.

"Mbele ya ndoa yetu," akasema, "kule Uvira kulikuwa muzungu mumoja na mashine ya kukamata sauti. Banaimba, anabapatia chumvi. Jacques aliniambiaka aliimbaka kule. Njo ile sauti."

Kwa hiyo sauti ilikuwa ya zamani kuliko ndoa, kuliko watoto, kuliko mtumbwi uliopinduka. Haikutuambia kitu.

"Sasa kwa nini jana umesema ni yeye?"

"Juu ni yeye," akajibu.

Nilikasirika. Nilimwambia ukoo umehukumu kwa sauti ile, kwamba yeye amepata alichotaka, nyumba na watoto, lakini uongo una miguu mifupi. Alinisikiliza mpaka nikaisha.

"Unasema kweli, fundi. Mi sikutaka kuacha batoto. Lakini sikia. Ule muzee mwanamuke hajalala usiku muzima. Anasonga unga. Anasema mutoto wake alimuita na yeye alimuitika. We utaenda kumuambia ilikuwa sindano? Enda. Mi siwezi."

Nilitazama upande wa nyumba yao. Moshi ulikuwa unatoka. Sikuenda.

"Ukoo utataka kusikia tena," nikasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Na sindano itanasa pale pale. Mkwaruzo hauhami. Mara ya pili hata Mashaka atajua."

"Pale pale kabisa?"

"Pale pale."

Akalibeba beseni lake akaenda kufulia mbali.

Betri mpya zikaja na lori, na mvua ya kwanza ikaja nyuma yake ikaosha anga. Ukoo ukashuka tena, safari hii na wazee wawili wa Fizi waliokataa kuamini kwa kusimuliwa. Mama Pulchérie alifika kabla ya wote, na chungu kimefungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na bugali na samaki. Akakiweka miguuni pake, karibu na redio.

Na jioni ile, ninyi mnaosikiliza redio mtanielewa, Dar es Salaam ilikuja kama ilivyokuwa haijaja tangu nivute waya. Hakuna radi, hakuna Mreno, sauti imekaa kama maji kwenye kikombe. Wiki zote nilikuwa nimeiomba jioni ile. Sasa niliiona inakuja nikatamani betri ziungue. Kasia likagonga. Wazee wawili wakainama mbele.

*Samaki, samaki nakuletea.*

Jino lilikuwepo. Nililisikia waziwazi, s zote mbili kavu. Mama Pulchérie alikuwa ameanza kufungua kitambaa cha chungu, anajiandaa kuitika. Ubeti wa pili ukaanza. Sauti ikapanda, *mama ee*, na mkono ukapita mbele ya uso wangu. Vidole vya Anastasie vikashika kifundo changu, kisichoguswa na mtu, vikakizungusha kidogo sana, unene wa uzi.

Kelele tupu.

Watu wakapaza sauti kwa pamoja. "Fundi, rudisha!" akaita muzee Raphaël. "Rudisha mbio!"

Niliuweka mkono wangu juu ya ule wa Anastasie, na watu wakadhani natafuta. Tulikaa hivyo, mkono juu ya mkono, tunasikiliza mvumo, mpaka nilipohesabu kichwani kwamba wimbo umekwisha.

"Imepotea," nikasema. "Redio ndivyo ilivyo."

Wale wazee wawili wakaguna. Mama Pulchérie ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa amekwisha kufunua chungu.

"Leo iko mbali kidogo," akasema. "Posho ingine atakaribia. Mukule, bugali isipoe."

Tukala. Samaki alikuwa mtamu.

Posho iliyofuata, jua likiwa bado juu ya milima, nilitoa shuka zangu mwenyewe, nikazilowesha ziwani, nikazianika kwenye waya, kutoka dirishani hadi mchikichi wa mwisho. Ufukweni Anastasie aliacha kufua akanitazama. Kisha akaja na vitenge vyake vibichi, akavitandaza kando ya shuka zangu.

Mama Pulchérie alikuwa anakuja njiani na chungu chake.